Upepo na Jasho: Utajiri wa Karafuu Unguja na Pemba

Katika mabaraza ya mwambao, tangu zama za mababu hata leo, hayajapata kwisha majadiliano juu ya asili ya utajiri. Mtu aliyepata, akiulizwa alipataje, hutaja alfajiri alizoamka wenziwe wakiwa wamelala, safari alizosafiri, na fedha alizozidunduliza mpaka zikawa mtaji. Na mtu aliyekosa, akiulizwa kwa nini amekosa, hutaja mvua iliyokataa, mshirika aliyemdhulumu, na soko lililoanguka siku ileile bidhaa yake ilipofika. Kila mmoja ana methali ya kumshuhudia: huyu husema mchumia juani hulia kivulini, na yule hujibu kwamba riziki ni kama ajali, huitambui ijapo. Nami naona kwamba wote wawili wana haki ya kusikilizwa, lakini hukumu yao haiwezi kukamilika mpaka liingizwe swali la tatu, ambalo mabaraza mara nyingi hulisahau, nalo ni hili: jitihada inayosifiwa ilikuwa ya nani, na bahati iliposhuka, ilishuka katika milki ya nani?

Shahidi wangu katika daawa hii ni mkarafuu. Sijui zao jingine katika pwani yetu ambalo katika tarehe yake mambo haya matatu, yaani bahati, jitihada na milki, yameonekana waziwazi kiasi hicho. Karafuu imewatajirisha watu na kuwafilisi, imewainua wageni na kuwashusha wenyeji, imejenga majumba ya mawe ya Mji Mkongwe na kuijaza minada jasho la watu wasiokuwa na hata chembe ya mavuno waliyoyachuma. Na yote hayo yalipita katika muda usiozidi umri wa mti mmoja ulioishi sana.

Mkarafuu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali, ambavyo sasa ni sehemu ya Indonesia, na kwa karne nyingi hapakuwa na mahali pengine duniani palipotoa karafuu. Waholanzi walipovitawala visiwa vile katika karne ya 17, waliona kwamba bei ya zao haiwezi kubaki juu isipokuwa zao lenyewe libaki chache, na kwa hiyo walikusanya kilimo chake Ambon na visiwa vya jirani, na kwingineko wakaituma mitumbwi yenye askari kwenda kuikata mikarafuu ya wenyeji. Watu wa Ternate na Tidore, ambao mababu zao waliijua miti ile kabla Mzungu hajaisikia, waliona ikiangushwa mbele ya macho yao, wala bidii yao haikuwafaa kitu. Ndipo Mfaransa aliyeitwa Pierre Poivre, mtawala wa kisiwa cha Mauritius wakati kilipokuwa chini ya Ufaransa, alipopeleka watu kwa siri wakaleta miche, na mwaka 1770 mkarafuu ukapandwa Mauritius, na kutoka huko ukafika kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa Réunion siku hizi. Basi msingi wa kwanza wa bahati ya Unguja ulikuwa msiba wa watu wengine na wizi wa watu wengine; na ni vyema jambo hilo tulijue mapema, kwa kuwa bahati ya mtu aghalabu ina nasaba ndefu asiyoijua mwenyewe.

Unguja zao hili lilifika mwanzoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba aliyelileta ni Mwarabu wa Omani, Saleh bin Haramil al-Abri, ambaye kwa usuhuba wake na Wafaransa alipata mbegu kutoka Bourbon akazipanda katika mashamba yake ya Mtoni na Kizimbani. Hapana shaka kwamba mtu huyu alikuwa na jicho la mbele na mkono wa kazi. Kupanda mti usiopata kuonekana nchini, ambao hauzai mpaka ipite miaka sita au saba au zaidi, ni jambo la mtu mwenye subira na mwenye kuthubutu. Lakini hakuyala matunda ya kuthubutu kwake. Alikuwa kiongozi wa kundi ambalo Sayyid Said bin Sultan hakuliamini, na mashamba yake yakachukuliwa na mtawala. Mwanzilishi akabaki katika masimulizi, na faida ikahamia katika milki ya Sayyid. Huu ndio mfano wa kwanza katika tarehe ya karafuu wa mtu aliyetanguliza jitihada, na jitihada yake ikawa tunu kwa mwingine aliyekuwa na nguvu kuliko yeye.

Sayyid Said alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na kwa akili ya mfanyabiashara, ambayo alisifika nayo kuliko ya vita, akatambua kwamba kisiwa hiki chenye mvua mara mbili kwa mwaka na udongo mwekundu wenye kina upande wa magharibi kingeweza kuwa bustani ya karafuu ya dunia. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi alio nao, na asiyetii anyang'anywe ardhi yake. Mwenyewe alitangulia kwa vitendo, na alipofariki baharini mwaka 1856, katika safari ya kurudi kutoka Maskati, alikuwa ameacha mashamba yanayohesabiwa kuwa 45. Jamaa zake na matajiri wa Kiarabu walimfuata, msitu ukafyekwa, na katika muda wa miaka michache vilima vyote vya magharibi na kaskazini magharibi mwa Unguja vikageuka mashamba, tangu nje ya mji hadi Bububu, Kizimbani na kwendelea.

Aisomaye habari hii kwa haraka ataona ushindi wa nia na kazi, na ni kweli kwamba nia ilikuwako. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Wahadimu, wenyeji wa Unguja, walikuwa wakilima na kukata kuni katika nchi ile ya rutuba, na kadiri mashamba yalivyoenea ndivyo walivyosukumwa kwenda mashariki na kusini, kwenye nchi ya mawe ambayo udongo wake ni vifuko katika mianya ya matumbawe. Huko waliendelea kulima mtama na mihogo, kuvua, na kusokota makumbi, na hapana aliyewahi kuwaona watu hawa akathubutu kusema kwamba walikuwa wavivu. Mkulima wa Makunduchi aliyetoboa mwamba kwa mtaimbo ili apate shimo la kupandia muhogo alifanya kazi nzito kuliko bwana shamba wa Kizimbani aliyeketi barazani akiangalia miche yake. Tofauti ya mali zao ilitokana na upande wa kisiwa walioishia, na upande huo haukuchaguliwa na mkulima.

Na kazi ya karafuu yenyewe ilikuwaje? Mbegu huoteshwa katika kitalu chenye kivuli, humwagiliwa, na miche inapofikia kimo hupelekwa shambani, ambako mingi hufa kwa jua la mwaka wa kwanza na kulazimu kupandwa upya. Baada ya hapo ni palizi mwaka baada ya mwaka, bila mavuno, kwa muda ambao mtoto aliyezaliwa siku ya kupanda angekuwa amekwisha anza chuo. Mti ukianza kuzaa, kinachovunwa ni tumba la ua kabla halijafunguka, kwa maana likifunguka thamani yake imekwisha. Na kwa kuwa matumba hayapevuki siku moja, mti uleule hurudiwa mara kadhaa katika msimu mmoja. Mchumaji hupanda juu, wakati mwingine hadi kimo cha minazi, hukanyaga matawi ambayo kwa tabia ya mti huu ni makavu na mepesi kuvunjika, hujifunga kamba, huvuta tawi kwa kigoe, na wengi wameanguka wakavunjika viungo au wakafa. Jioni watu huketi chini kuchambua, kutenga karafuu na makonyo, wanawake na watoto na wazee, mpaka usiku. Na kesho yake huanikwa juu ya majamvi au sakafuni kwa siku nne, tano, au zaidi, zikigeuzwageuzwa, na wingu likitokea sharti zikusanywe mbio, kwani karafuu iliyonyeshewa huchacha, hupauka, na kushuka bei.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili ijulikane kwamba katika zao hili hakuna ratili moja iliyofika forodhani bila jasho. Lakini jasho hilo, kwa zaidi ya miaka 60 ya mwanzo, lilikuwa la watumwa. Mwaka 1822 Waingereza walimfungia Sayyid, kwa mkataba, njia ya kuuza watu kwa mataifa ya Kikristo, na mwaka 1845 kwa mkataba mwingine wakamfungia njia ya kuwapeleka nje ya milki yake ya Afrika. Na wafanyabiashara waliokuwa na watu wa kuuza wakaona faida ya kuwatumia hapahapa, katika mashamba, na kuuza jasho lao likiwa limekauka ndani ya gunia la karafuu. Walioletwa wengi walitoka nchi za Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa, wakafa njiani kwa idadi ambayo hakuna daftari lililoiandika, na waliofika wakakabidhiwa jembe na kikapu. Kwa desturi ya mashamba walimfanyia bwana kazi siku tano, na siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, walilima vikonde vyao ili wapate chakula. Walichumia juani, na waliokula kivulini ni wengine. Methali yetu ile nzuri, ambayo kila mzazi humfunza mwanawe, ilisimama miaka yote hiyo kichwa chini miguu juu, wala sioni kwamba tunaweza kuitamka leo kwa moyo safi bila ya kuwakumbuka watu ambao kwao haikutimia.

Hata kwa mabwana wenyewe jitihada haikuleta siku zote kile walichokitazamia. Mwanzoni, wakati karafuu ya Unguja ilipokuwa chache, bei ya frasila, yaani ratili 35, ilikuwa kubwa kiasi cha kuwatia watu wazimu wa kupanda. Na kwa sababu kila mtu alipanda kwa wakati mmoja, kila mtu alianza kuvuna kwa wakati mmoja, na soko la dunia, ambalo halihitaji karafuu bila ya kikomo, likafurika. Kuanzia miaka ya 1840 bei ilishuka na kuendelea kushuka, hata ikawa ni sehemu ndogo tu ya ile ya mwanzo. Hapa pana funzo ambalo wahubiri wa bidii hawalitaji: kuna jitihada ambayo mmoja akiifanya hutajirika, na wote wakiifanya hufilisika. Mwenye shamba aliyezidisha palizi ili azidishe mavuno alikuwa, bila ya kujua, akizidisha mzigo uliomvunja mgongo, na jirani yake akifanya vivyo hivyo. Na hapana hata mmoja wao ambaye angeweza kulaumiwa kwa uvivu.

Hali ilikuwa hivyo ilipofika tarehe 15 Aprili 1872. Unguja iko karibu na mstari wa ikweta, mahali ambapo vimbunga vya Bahari ya Hindi kwa kawaida havifiki, na hapakuwa na mzee aliyekumbuka tufani ya namna ile. Upepo ulivuma, ukatulia, kisha ukageuka na kuvuma kwa upande wa pili kwa nguvu zaidi; majahazi na merikebu za Sayyid Barghash, aliyekuwa ametawala kwa muda usiotimia hata miaka miwili, zilitupwa pwani au zikazama bandarini, nyumba ziliezuliwa, na mashambani hukadiriwa kwamba thuluthi mbili ya minazi na mikarafuu ilianguka au kuvunjika. Kazi ya miaka 40 iliondoka katika muda wa saa chache. Watu waliolala wakiwa wenye miti elfu waliamka wakiwa na kuni, na madeni yao yakawa palepale yalipokuwa.

Tufani ile iliipiga Unguja, lakini sehemu kubwa ya Pemba haikuguswa. Kabla ya siku hiyo Pemba, ijapokuwa ina udongo mzuri na mvua nyingi, ilihesabiwa kuwa kisiwa cha nyuma katika karafuu, kwa kuwa wakubwa walipenda kuwa karibu na mji na kasri. Sasa, kwa kuwa karafuu za Unguja zilikuwa zimeangamia na soko la Bombay, London na Marekani lingali likizitaka, bei ilipanda mara kadhaa, na mwenye miti michache Pemba, ambaye jana alikuwa akihesabu kama palizi inalipa au hailipi, aliamka tajiri. Watu wakamiminika huko, wakafyeka na kupanda Wete na Chake Chake, Mkoani na mabonde yaliyo kati yao, na tangu wakati ule Pemba ikaishika nafasi ya kwanza wala haijaiachia: mpaka leo sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba.

Ni nani basi aliyestahiki utajiri ule? Mwenye miti Pemba hakuuita upepo uangukie kisiwa cha jirani, wala mwenye miti Unguja hakutenda kosa lililoustahiki upepo ule. Hata hivyo lazima tuseme kwa insafu kwamba bahati ya Pemba isingemfaa mtu ambaye hakupanda. Yule aliyevumilia miaka ya bei mbovu, akaendelea kupalilia wakati wenziwe walipoyaacha mashamba yakaota magugu, ndiye aliyekuwa na miti yenye afya siku bei ilipopanda. Kwa maana hii jitihada ni kujiweka tayari, na mafundisho ya dini yetu yanayomwamrisha mtu kumfunga ngamia wake kwanza ndipo atawakali kwa Mungu yanathibitishwa na habari ya mwaka 1872 kwa ushahidi usio na shaka. Lakini ushahidi uleule unatuonyesha kwamba aliyejiweka tayari Unguja, akamfunga ngamia wake kwa kamba mbili, alimpoteza pamoja na kamba; na mtumwa wa Pemba, ambaye jembe lake ndilo lililoiweka miti ile katika afya, hakuongezewa chochote bei ilipopanda isipokuwa kazi.

Tena bahati ya Pemba iliambatana na shida ya watu wa kufanya kazi. Mwaka mmoja tu baada ya tufani, mwezi wa Juni 1873, Sayyid Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Utumwa wenyewe ulibaki hadi mwaka 1897. Hivyo miti ilizidi na mikono ya halali ya kuihudumia haikuzidi, na watu wakaendelea kuvushwa kwa magendo usiku katika vidau, kutoka bara hadi vijito vya Pemba, ili wapande miti ya mabwana waliokuwa wakijisifu, bila ya shaka, kwa jitihada zao.

Palikuwa na watu wengine ambao habari ya karafuu haitimii bila wao, nao ni wenye mtaji. Wahindi kutoka Kutch na Gujarati, Mabaniani na Makhoja na Mabohora, walikuwa wakija na pepo za kaskazi tangu zamani, na katika karne ya 19 wakakaa. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi: ilimlipa Sayyid kiasi maalumu kila mwaka, na chochote kilichozidi katika ushuru kikawa chake. Taria Topan, Khoja aliyekuja Unguja akiwa kijana mdogo, aliinuka hata akaishika forodha hiyo yeye mwenyewe katika enzi ya Sayyid Barghash, na Hamed bin Muhammed al-Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alipata kwake mtaji wa safari za pembe za ndovu hadi Kongo kabla ya kurudi kuishi Unguja, mwenye mashamba ya karafuu, ambako alifariki mwaka 1905. Kwa watu wa namna ya Taria Topan sioni haki ya kuikana jitihada: ni watu waliokula kidogo, wakalala dukani juu ya magunia, wakaandika hesabu zao kwa taa mpaka usiku wa manane. Lakini walikuwa vilevile na kitu ambacho mchumaji hakuwa nacho, yaani jamaa Bombay wa kuwadhamini, na hesabu walizozirithi kwa wazazi.

Na mtaji huo ndio uliozikamata ardhi. Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno, ili alishe watu, alipe wachumaji, aoze binti, au ahifadhi tu heshima ya nyumba yake mbele ya wenziwe. Naye Mwislamu haruhusiwi kutoa wala kupokea riba, kwa hiyo palitumika bei ya khiyari, ambayo kwa mkataba wake shamba liliuzwa kwa tajiri kwa sharti la kuweza kukombolewa baada ya muda, na muuzaji akaendelea kukaa humo akilipa kodi. Mavuno ya karafuu hayalingani mwaka kwa mwaka. Mti uliozaa sana msimu huu aghalabu hupumzika msimu ujao, na deni halipumziki. Mwaka mbaya mmoja uliweza kuvumiliwa, miwili ilitia hofu, na mitatu ilitosha kuligeuza shamba la babu kuwa la mdai. Ndiyo sababu utamkuta bwana mwenye jina kubwa na miti mingi ambaye kwa kweli hakuwa na kitu, na mwenye duka dogo Darajani ambaye mali yake hakuijua mtu ila Mola wake na daftari lake.

Baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, mtumwa aliyeutaka uhuru wake alitakiwa kwenda mahakamani kuuomba, na bwana aliyempoteza akalipwa fidia. Aliyeilima ardhi ile kwa miaka yote hakulipwa. Wengi walibaki mashambani wakiwa wapangaji bila ya hati, wakipewa mahali pa kujenga na kulima kwa sharti la kupalilia, na msimu ulipofika uchumaji ukawa kazi ya ujira iliyohesabiwa kwa pishi. Hapo kwa mara ya kwanza jitihada na kipato vilikutana, kwa uchache. Wahadimu walitoka katika nchi yao ya mawe wakaja kuchuma, wakachukua fedha wakarudi kwao, wasikubali kufungwa na shamba la mtu. Na Pemba, ambako wenyeji wengi walikuwa wamejipandia miti yao kidogokidogo pembeni mwa mashamba makubwa, likatokea tabaka la wakulima wadogo waliochuma vyao. Hao nawahesabu kuwa mashahidi bora wa methali yetu: walichumia juani, na sehemu ya kivuli ikawa yao.

Karne ya 20 ilileta mitihani yake. Bei ilianguka vibaya wakati wa mdororo wa dunia ulioanza mwaka 1929, madeni yakawa mlima, na Serikali ya Kiingereza, iliyokuwa imeunda chama cha wakulima wa karafuu mwaka 1927, ikatunga sheria mwaka 1934 za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa wadai bila ya idhini. Chama hicho kilipopewa mamlaka makubwa mno juu ya biashara ya karafuu mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikaungana nao kuzisusia karafuu za Zanzibar, mpaka mapatano yakafikiwa mwaka 1938. Mchumaji wa Pemba aliyepanda mti alfajiri ya mwaka ule hakuwa ameshauriwa na upande wowote. Lakini pishi yake ilipimwa kwa hasira za watu waliokuwa mbali naye.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliligusa moja kwa moja lile swali la tatu. Ardhi ilitaifishwa, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu, pengine ndani ya mashamba yaleyale ambayo babu zao waliyapalilia chini ya usimamizi wa nyapara. Wengi waliona haki imetimia, na wengine walipoteza walichokirithi au walichokijenga, na machungu ya siku zile si madogo wala hayapaswi kufichwa. Biashara ya karafuu iliwekwa mikononi mwa shirika la Serikali pekee, na mkulima akawa na mti lakini bila ya uchaguzi wa mnunuzi. Kwa miaka kadhaa bei duniani ilikuwa nzuri sana, kwa sababu moja ambayo hakuna mkulima wa Zanzibar aliyeisababisha: watu wa Indonesia walipenda sigara zilizochanganywa na karafuu, na mashamba yao hayakutosha, wakawa wanunuzi wakubwa kuliko wote. Kisha wakapanda kwao, na miti yao ikakua, na katika miaka ya 1980 wakaanza kujitosheleza. Bei ikaporomoka, na mikarafuu mingi Pemba ikaachwa bila ya kupaliliwa wala kupandwa mipya. Zao lililoiacha Maluku kwa magendo likawa limerudi nyumbani, na bahati iliyokuja nalo kwetu ikaondoka kwa mlango uleule iliojia.

Katika habari zote hizi sikuona hata mara moja utajiri uliozaliwa na bahati peke yake, kwa maana hata siku ya neema ya Pemba palihitajiwa mikono ya kuchuma. Wala sikuona utajiri uliozaliwa na jitihada peke yake, kwa maana jitihada ilikuwako kote, Ternate na Makunduchi na Kizimbani na Wete, na haikuwatajirisha wote. Bahati huamua mwaka gani na kisiwa kipi. Jitihada huamua nani atakuwa tayari. Lakini mgawanyo wa kilichopatikana huamuliwa na sheria, na milki, na nguvu, ambazo ni kazi za wanadamu na zaweza kubadilishwa na wanadamu. Upepo wa mwaka 1872 hakuna aliyeweza kuuzuia. Mkataba uliomnyima mchumaji fungu lake uliandikwa kwa kalamu, na kilichoandikwa kwa kalamu chaweza kufutwa.

Kwa hiyo namwomba aliyefanikiwa asiwahutubie maskini juu ya uvivu mpaka amewahesabu wote ambao mikono yao imo katika mali yake, na upepo uliompita pembeni ukaenda kwa jirani. Namwomba aliyekosa asiache kupanda kwa kuwa babu yake alipanda na hakuvuna, kwani miti inayochumwa Pemba leo ilipandwa na watu waliofanya kazi katika miaka ambayo haikuwa na tamaa yoyote. Nao wanaotunga sheria na kupanga bei nawaomba zaidi kuliko wote, kwa sababu wao hawana udhuru wa bahati. Jitihada ni wajibu wa kila mtu, na kuipa jitihada ujira wake ni wajibu wa nchi. Na nchi inayoudai wajibu wa kwanza kwa raia wake bila ya kuutimiza wa pili haina haki ya kuwafunza watoto wake methali ya juani na kivulini.